Jasho Langu Halina Kosa

"Hapana, mama. Kama jasho ndilo linaloleta chunusi, basi baba angekuwa na uso kama fenesi."

Nilimjibu hivyo nikiwa nimesimama mlangoni, soksi za mpira mkononi, njumu sizioni. Mama alikuwa uani kwenye kigoda chake, anapeta mbaazi. Hata macho hakuinua.

"Baba yako ni mwanaume."

"Kwani jasho la mwanaume linatokea mlango mwingine?"

"Endelea kunijibu hivyo hivyo, halafu uone. Nimesema mpira basi. Uso umeharibika, na kinachouharibu ni hilo jasho la kila jioni. Tulia nyumbani, utapona."

Baba mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka shambani. Ni msimu wa kupulizia mikorosho, na tangu alfajiri alikuwa na mashine mgongoni, anarusha unga wa salfa juu ya miti, ukungu usiue maua. Nyusi zake zilikuwa za njano, na jasho lilikuwa limechimba mifereji kwenye ile njano kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni. Lakini chini ya vumbi lile uso wa baba hauna hata doa. Nilimwonyesha mama kwa kidole, mkono nimeunyoosha kabisa.

"Mimi nisitajwe," baba akasema, akapita zake.

Haya ndiyo yaliyotokea leo, na nayaandika leo leo kabla hasira haijapoa, kwa sababu nimechoka. Nimechoka kuambiwa mambo ya uso wangu na watu ambao hawalali na uso wangu wala hawaamki nao. Na kesho jioni kochi wetu anachagua wachezaji wa kwenda tena Masasi. Amesema wazi kwamba asiyefika mazoezini kesho asimlaumu mtu. Njumu zangu mama amezificha. Najua zilipo: ziko ndani ya gunia la makopa, chini kabisa, maana unga wa muhogo ulikuwa umemshika mama mpaka kwenye kiwiko.

Ngoja nieleze tulifikaje hapo.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Mnyambe, nasubiri. Nasubiri nini sijui vizuri, lakini watu wote wanasema nasubiri. Kwenye kusubiri huko akaja mwalimu mmoja wa kike, ameletwa kufundisha sekondari kutoka Kanda ya Ziwa, mrefu, sauti kama ya mnadani. Alipoona wasichana tunakaa tu vibarazani kusukana, akasema haiwezekani, akaanzisha timu ya mpira ya kata. Sisi tunamwita Kochi. Nilianza kucheza mvua zikinyesha bado, uwanja umejaa tope, nikawa winga wa kulia. Nina mbio. Sijisifu, ni kweli tu, muulize beki yeyote wa Kitangari.

Mvua zilipoisha, chunusi zikaja. Siyo moja mbili. Zilikuja kama wageni wa msiba, kila ukigeuka kuna nyingine imekaa. Paji la uso lote, kisha mashavuni, kisha kando ya masikio. Nyingine zilikuwa na usaha, nyingine ngumu kama punje ya mtama chini ya ngozi, ukilala upande huo unaamka. Kipa wetu, ambaye ni rafiki yangu na ana mdomo kuliko mikono, akanitazama siku moja tukivaa jezi, akasema, "Wewe uso huu siyo uso tena, ni ubao wa bao. Kete ziko wapi tucheze?"

Timu nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, maana ukikasirika ndiyo jina linakukaa.

Kilichoniuma siyo kipa. Kilichoniuma ni wanawake wa pale bombani. Nimepita na ndoo, nikasalimia vizuri tu, "Shikamooni," wakaitika "Marahaba" kwa pamoja, na sijafika hata hatua kumi nikasikia nyuma yangu, "Hizo ni za kuwaza wanaume. Aolewe tu, zitakauka." Mwingine akadakia, "Na akizaa ndiyo kabisa."

Nawaza wanaume! Ninachowaza mimi ni krosi. Nawaza mguu wa kushoto unaonisaliti. Nilitaka kurudi niwaambie, lakini nilikuwa na ndoo kichwani, na mtu mwenye ndoo kichwani hagombani vizuri.

Hayo maneno yalimfikia mama kabla sijafika nyumbani. Sijui yanapita njia gani. Toka siku hiyo uso wangu ukawa kazi ya mama. Akatafuta kisa, akakipata: binti alikuwa na uso mzuri, binti ameanza mpira, mpira una jasho, uso umeharibika. Ukimsikiliza haraka haraka unaona kweli.

Nikaenda zahanati. Nesi akaninyanyua kidevu, akasema chunusi siyo ugonjwa, akaita mwingine.

Ndipo jirani yetu akaja na akili yake. Jirani huyu ni mtu mwema, lakini akili zake huwa zinatangulia kufika kabla hazijaiva. Akamwambia mama, "Dada, zile sabuni za chunusi za madukani, mtu alinisomea karatasi yake. Imeandikwa ina salfa ndani."

"Salfa?"

"Salfa. Ile ile. Sasa wewe una mfuko mzima ndani, unahangaika nini?"

Na mama, ambaye hukataa mimi ninywe dawa ya kichwa bila kumuuliza kwanza, akaenda stoo, akachota salfa ya mikorosho kijiko kizima, akakoroga na mafuta ya nazi, akanipaka uso wote mpaka shingoni. Mimi nikakubali. Nilikubali kwa sababu aliniahidi kwamba nikipakwa ataniacha nicheze. Nililala nimepakwa. Asubuhi uso ulikuwa mwekundu, unawaka, macho yanatoka machozi, na ngozi ya puani imeanza kubanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Chunusi zenyewe zipo palepale, zinanitazama.

Jioni nikaenda mazoezini hivyo hivyo. Kochi akasimamisha filimbi mdomoni.

"Wewe binti, umepuliziwa?"

Sikupata hata nafasi ya kujibu. Kipa keshadaka: "Mwacheni jamani, mwaka huu lazima atoe maua! Tutavuna korosho nyingi!"

Nikakimbia siku ile kwa hasira mpaka Kochi akasema nipakwe kila siku. Nilimtazama kwa jicho ambalo kwa mwalimu siyo adabu.

Nyumbani nikafikiri mama ataona sasa. Hakuona. Akasema, "Dawa ilikuwa nzuri. Umeiharibu wewe, umeenda kutoka jasho juu yake." Jasho tena! Ningevunjika mguu, jasho. Mbuzi angepotea, jasho.

Kisha tukaenda Masasi kwa mashindano. Tulipanda nyuma ya gari la mizigo bado giza, na kwa ile haraka nikasahau kanga yangu kwenye kamba. Kanga ile ndiyo kila kitu changu. Asubuhi naisokota duara kuwa ngata, naiweka kichwani chini ya ndoo ya maji. Jioni naikunja nyembamba nafunga kwenye paji la uso wakati wa mazoezi, jasho lisiingie machoni. Nikajilaumu njia nzima. Pale Masasi nilibana nywele kwa mpira tu, paji likabaki wazi.

Sote tulilala kwa watu mbalimbali, mimi nikapelekwa kwa shangazi, dada yake baba, ambaye ameolewa na karani. Masasi kuna joto. Kwetu huku juu ya uwanda upepo unapita. Kule mji umekaa katikati ya milima ya mawe, na yale mawe yanatunza jua mpaka jioni. Nilitoka jasho kuliko nilivyowahi kutoka maishani. Nilitoka jasho nikiwa nimekaa. Mechi ya pili jezi ilinigandia mgongoni, nikaikamua kama dekio.

Shangazi ana viti vya vitambaa vyeupe. Kila nikirudi kutoka uwanjani ananisubiri mlangoni na kidole: "Usinikalie kwenye viti na chumvi mwilini. Bombani kwanza!" Bomba liko pale pale uani, ukifungua maji yanatoka, hakuna anayekuuliza ni ya nini. Nilinawa uso kwa maji tele na kasabuni kadogo, nikaachia upepo unikaushe, nikaingia. Shangazi hakuwa anafikiria uso wangu hata kidogo. Alikuwa anafikiria viti.

Tulifungwa nusu fainali. Lakini nilipopanda gari la kurudi, kipa akanishika shavu, akasema, "He! Ubao umeenda wapi?"

Chunusi zilikuwa zimekauka. Zimebaki alama tu.

Mama alifurahi, hilo lazima niseme. Alinigeuza geuza kwenye mwanga wa mlango kama anachagua kitenge. Halafu akaharibu. "Si nilikwambia? Umepumzika."

"Nimepumzika? Mama, kucha mbili za miguu zimekufa!"

"Basi ni hewa ya Masasi."

Hewa ya Masasi! Ile hewa ya kukaangia!

Nikarudi kwenye maisha yangu. Ndoo asubuhi, mazoezi jioni. Hata wiki mbili hazikuisha, zikarudi zote, na ndugu zao. Na mama hakusubiri tena. Leo akaficha njumu.

Baada ya ule ubishi wetu wa mlangoni, mama akasema, "Ukimaliza kubishana, ndoo ile pale." Kwetu kila nyumba inayojiweza ina kisima cha chini ya ardhi kinachokusanya maji ya mvua kutoka kwenye bati. Kiangazi kikianza, mfuniko unapigwa kufuli. Ufunguo wa kwetu uko kwenye uzi shingoni mwa mama, analala nao. Maji yale ni ya kunywa na kupika. Mengine yote unajitekea, kama bomba la kijiji linatoka. Lisipotoka unashuka bondeni.

Nikachukua ndoo na kanga nikaondoka napiga miguu chini. Bombani nikamkuta kipa mbele yangu kwenye foleni, ametoka kupeleka ndoo ya kwanza, amerudi kwa ya pili. Alikuwa amelowa jasho. Akafanya kile ambacho sisi wote tunafanya, nami nimekifanya toka nikiwa mdogo bila hata kukifikiria: akaitoa ngata kichwani, akaikunjua, akajifuta uso, shingo na mikono. Ngata huwa imelowa kwa maji yanayomwagika kwenye ndoo. Kwa hiyo ni kama umenawa, na hujapunguza hata tone la maji ya watu. Tunaita kuoga kwa ngata. Binti anayeoga kwa ngata anasifiwa, anaambiwa huyu anajua thamani ya maji.

Kipa akamaliza, akaikamua.

Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi.

Nikaangalia yale maji. Nikaangalia paji lake la uso. Kumbe na yeye zinamwanza, na mdomo wake wote ule! Zilikuwa zimekaa mstari, kutoka sikio hadi sikio, upana wa kanga iliyokunjwa. Nikagusa paji langu. Mstari ule ule.

"Hebu simama hivyo hivyo," nikamwambia.

"Nini?"

"Kete zako na zangu zimepangwa shimo kwa shimo."

"Mwone! Wewe nani amekwambia mimi nina kete?"

Nikaitoa kanga yangu kichwani, nikaipeleka puani. Nasema kweli, sijui nilikuwa nafutaje uso na kitu kile. Ilikuwa inanuka mafuta ya nywele, moshi, vumbi la njia nzima, na ukali wa salfa, maana inakaa kwenye kamba moja na shati la baba. Na juu ya yote hayo jasho la jana, na la juzi. Maji ya kufulia kiangazi nayo ni ya kuhesabia; kanga inasubiri. Kitu hicho ndicho nilichokuwa najifutia uso asubuhi, halafu jioni nakifunga kwenye paji kwa nguvu, nakimbia nacho mpaka giza, jasho linakaa chini yake linaiva kama maharage kwenye chungu.

Nikarudi nyuma kichwani. Mvua zikinyesha nilikuwa nacheza, na jasho lilikuwepo, na uso ulikuwa mzuri. Kisima kilikuwa wazi, nanawa nikitaka. Kufuli lilipopigwa, chunusi zikafuata. Masasi nilitoka jasho mara mbili ya kwetu, lakini kanga ilikuwa kwenye kamba Mnyambe. Mambo yote haya nilikuwa nayo mkononi, sikuyaweka pamoja, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeanza kuamini kidogo kwamba jasho langu lina ubaya. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote.

Nikamwambia kipa pale pale, nikiwa natapika maneno. Akanisikiliza mkono kiunoni.

"Sasa mbona mama yangu anajifuta hivyo hivyo miaka yote na uso wake kama sahani?"

"Mama yako ana umri gani? Chunusi zina umri wake. Sisi pua zetu zinatoa mafuta kama tumetoka kukaangwa."

"Wewe sasa umekuwa daktari."

"Sijui kila kitu. Labda nyingine zitabaki. Lakini najua jasho peke yake halijanifanya kitu. Linanifanya kitu likikaukia usoni pamoja na uchafu."

Akaitazama ngata yake. Akaitupia begani badala ya kichwani, akabeba ndoo mkononi huku inamgonga mguu, akaondoka anachechemea, hajanijibu. Kwa kipa, kutojibu ni kukubali kabisa.

Nyumbani nilitua ndoo, nikamwekea mama kanga mapajani, juu ya ungo wa mbaazi.

"Nusa."

"Nini tena?"

"Nusa, mama."

Akanusa. Mama ni mkweli wa pua. Akaiondoa haraka. Nikamweleza yote, mstari wa paji, mvua, kufuli, viti vya shangazi. Nilieleza haraka haraka kama ninavyoeleza kila kitu, nikitarajia atasema haya, umeshinda, chukua njumu zako. Badala yake akauliza taratibu, "Kwa hiyo ngata niliyokufundisha mimi ndiyo imekuharibu?"

Sikuwa nimefikiria hivyo. Mama alijifunza kwa bibi, wakati maji yanafuatwa mbali kuliko sasa. Alinifundisha kama mtu anayempa mtoto kitu kizuri.

"Sijasema wewe. Nimesema kanga."

"Na maji ya kunawa utayatoa wapi?" Akashika ufunguo shingoni. "Mimi sifungui kisima ili mtu anawe jasho la mpira. Kiangazi bado kirefu."

"Sijaomba ufunguo. Nitajitekea yangu."

"Bomba likikauka?"

"Bondeni."

Mama akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza jioni ya leo. "Utatoka jasho kushuka, utatoka jasho zaidi kupanda, ili upate maji ya kunawa jasho."

"Ndiyo."

Baba akacheka ndani, kicheko kimoja tu. Mama akabana midomo, lakini niliona mashavu yakitikisika. Hakusema nicheze. Wala hakusema nisicheze. Akairudisha kanga kwangu kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika panya kwa mkia, akaendelea na mbaazi zake.

Mimi sitasubiri mpaka kunyamaza huko kugeuke ruhusa.

Nimeshaamua. Kesho asubuhi bomba halitoki, zamu ya maji siyo yetu, kwa hiyo nashuka bondeni na ndoo ya nyumbani, na dumu dogo la lita tano mkononi, hilo ni langu na halitaingia jikoni. Ngata nimesokota ya majani makavu, inachoma kidogo, nitaizoea. Kanga naiacha kwenye beseni, na nitaifua kwa maji ya dumu hilo hilo kabla sijanywa hata uji. Halafu, mama akiwa macho, akiwa amekaa pale pale kwenye kigoda, nitamwamkia, "Shikamoo, mama," nitasubiri aitike, ndipo nitaingia stoo mbele ya macho yake, nitatia mkono kwenye gunia la makopa mpaka begani, nitoe njumu zangu, nizikung'ute unga hapo hapo uani, moja baada ya nyingine, na kuziweka juani, mahali ambapo hata wanaokwenda bombani wataziona.